Mzee John Harrison: seremala aliyejifundisha saa, na nyumba iliyobeba kazi yake

Wazee wangu, wazazi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi za mikono: poleni na shughuli za siku, na ahsanteni kwa kufika.

Tumekutana tarehe 24 Machi kwa sababu ya mtu mmoja. Siku kama ya leo mwaka 1693, kwa kalenda ya Waingereza ya wakati ule, seremala wa kijiji cha Foulby, Yorkshire, alipata mtoto wake wa kwanza akampa jina la John. Siku kama ya leo mwaka 1776 mtoto huyo alifariki London akiwa mzee wa miaka 83. Katikati ya tarehe hizo mbili alitengeneza saa iliyowapa mabaharia njia ya kujua walipo katikati ya bahari. Hakusoma chuo chochote, wala hakukaa chini ya fundi saa yeyote kama mwanagenzi.

Nimeombwa nimkumbuke kama fundi na kama baba wa familia. Sijaona namna ya kuyatenga hayo mawili. Kazi yake ilifanyika nyumbani, na mdogo wake kwanza, na mwanawe baadaye. Ukimwondoa mmoja wao hadithi inakatika.

Tuanze na tatizo lenyewe, maana bila kulielewa sifa zote zitakuwa maneno matupu. Nahodha akipima jua la adhuhuri au Nyota ya Kaskazini atajua yuko umbali gani kutoka ikweta. Kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani, yaani longitudo, ndiko kulikokuwa na shida. Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kila dakika nne. Mji wa Unguja uko digrii 39 na kidogo mashariki ya Greenwich, kwa hiyo adhuhuri yake inatangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 37 hivi. Nahodha akiwa na saa inayoshika majira ya Greenwich bila kuyumba, jua likafika kileleni kwake huku saa ikisoma saa tatu na dakika 23 asubuhi, ukiacha masahihisho madogo ya jua, basi anajua yuko kwenye mstari wa Unguja. Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Lakini saa ikikosea dakika moja tu, kwenye ikweta meli imekosea kilomita 28.

Na mabaharia walikufa kwa makosa ya aina hiyo. Oktoba 1707 manowari nne za Uingereza zilipasuka kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, na watu zaidi ya elfu moja wakazama, kwa kuwa makamanda walidhani wako mahali pengine. Mwaka 1714 Bunge likatangaza zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayeleta njia isiyokosea zaidi ya nusu digrii katika safari ya kwenda visiwa vya Karibi. Nusu digrii ni dakika mbili za saa. Safari ikichukua wiki sita, saa inaruhusiwa kukosea chini ya sekunde tatu kwa siku, chomboni, kwenye mawimbi, chumvi, baridi na joto. Saa nyingi nzuri za nchi kavu za wakati ule zilikuwa zinabahatika kufikia hapo zikiwa zimetulia ukutani.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Familia ilihamia Barrow, kijiji cha Lincolnshire karibu na mto Humber, na John, mkubwa wa watoto watano, akashika useremala wa baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka kama 19, mchungaji mmoja alimwazima mihadhara ya Nicholas Saunderson wa Cambridge kuhusu mekanika, nayo ilikuwa imeandikwa kwa mkono. John hakuisoma tu. Aliinakili yote, neno kwa neno na mchoro kwa mchoro, kisha akaendelea kuandika maoni yake pembezoni kwa miaka. Vijana mnaopiga picha kurasa za vitabu kwa simu, liangalieni hilo kwa makini. Mkono ukinakili mchoro unalazimika kuuliza kila mstari umetoka wapi na unakwenda wapi.

Mwaka 1713, akiwa na miaka 20, alimaliza saa yake ya kwanza, karibu yote ya mbao. Hapa useremala ulimsaidia kuliko ambavyo karakana ya saa ingemsaidia. Gurudumu la meno likikatwa kwenye ubao mmoja, upande mmoja nyuzi za mbao zinafuata urefu wa jino, na upande mwingine zinalikata jino kwa mapana. Jino la namna ya pili linavunjika likibanwa kidogo tu. Harrison aliyachonga meno kwa vipande vidogo, kila kipande nyuzi zake zikielekea nje kutoka katikati, akavipachika kwenye mfereji uliozunguka ukingo wa gurudumu. Mbao alichagua mwaloni uliokua haraka, wenye pete pana, kwa kuwa ndio wenye nguvu. Baadhi ya saa zile za mbao zipo hadi leo.

Tatizo lililofuata lilikuwa mafuta. Mafuta ya zama zile yalitoka kwa wanyama na mimea. Yakipata baridi yanakuwa mazito, yakizeeka yanaganda kama gundi, na saa inapunguza mwendo halafu inasimama. Mafundi wengi walitafuta mafuta bora. Harrison alijiuliza kwa nini saa ihitaji mafuta kabisa. Pale ekseli zinapozunguka aliweka mti wa Karibi ulio mgumu mno, mzito kiasi cha kuzama majini, na wenye utomvu wa mafuta ndani yake. Karibu mwaka 1722 alifunga saa ya mnara kwenye mazizi ya farasi ya Brocklesby Park, na saa hiyo inatembea hadi leo bila kutiwa mafuta, ukiacha vipindi vichache vya matengenezo. Kisha akabuni eskepimenti mpya, yaani kile kifaa kinachoachia jino moja moja na kuipa saa mapigo yake. Katika eskepimenti za kawaida chuma kinateleza juu ya chuma, na panapoteleza panahitaji mafuta. Ya kwake inakanyaga jino, kisha inaruka na kuliachia bila kuteleza. Waingereza waliipa jina la panzi.

Kazi ya miaka hiyo aliifanya na James, mdogo wake, fundi hodari kwa haki yake mwenyewe. Mojawapo ya saa zao ndefu za sebuleni ina jina la James. Nataka tukae kidogo kwenye saa hizo, kwa sababu ndipo ninapoona akili ya mtu aliyejifundisha.

Saa hizo zilipimwa mwendo kwa pendulamu, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba huku na huko. Ufito wa chuma unaobeba uzito huo unarefuka kukiwa na joto, na pendulamu ndefu inapiga polepole. Kwa pendulamu ya sekunde moja, yenye urefu wa karibu mita moja, kila digrii moja ya Selsiasi inagharimu kama nusu sekunde kwa siku. Joto likipanda digrii kumi, saa inachelewa sekunde tano kila siku. Huwezi kulizuia chuma lisitanuke. Lakini shaba ya manjano inatanuka zaidi ya chuma, mara moja na nusu na kupita kidogo. Harrison alipanga fito tisa sambamba, tano za chuma na nne za shaba, zikashikana juu na chini kwa zamu, kiasi kwamba chuma kikirefuka kinashusha uzito na shaba ikirefuka inaupandisha. Ukifuata njia kutoka juu hadi kwenye uzito unashuka kwa chuma mara tatu na unapanda kwa shaba mara mbili. Urefu ukipimwa sawasawa, kupanda kunafuta kushuka, na uzito unabaki palepale majira yote.

Urefu huo sawasawa aliupataje kijijini, bila maabara? Kwa kujaribu, kukata, na kujaribu tena. Na alijuaje kwamba saa imepatia, ikiwa hakuna saa nyingine iliyo bora ya kulinganisha nayo? Alitumia nyota. Alichagua ukingo wa dirisha lake na bomba la moshi la jirani kama mstari wa kulengea. Nyota ileile hupotea nyuma ya bomba kila usiku dakika tatu na sekunde 56 mapema kuliko usiku uliotangulia. Saa isiposema hivyo, saa imekosea. Kazi hiyo huenda vizuri zaidi kwa watu wawili, mmoja jicho kwenye nyota na mwingine akihesabu mapigo, na ndugu hao walikuwa wawili. Walipata saa ambazo kwa maelezo yake hazikupotea zaidi ya sekunde moja kwa mwezi. Hakukuwa na saa bora kuliko hizo duniani, nazo zilikuwa za mbao, kijijini.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Alioa mwaka 1718, na mkewe wa kwanza, Elizabeth, alifariki mwaka 1726 akamwachia mtoto mdogo wa kiume. Mtoto yule naye alikufa akiwa kijana wa miaka 18. Mwaka uleule wa 1726 Harrison alimwoa mke wa pili, naye pia Elizabeth, akaishi naye karibu miaka 50. Wakapata William mwaka 1728, na binti. William huyo mshikeni.

Mwaka 1730 Harrison alikwenda London na michoro ya saa ya baharini. Edmund Halley, mkuu wa kituo cha nyota cha Greenwich, alimpeleka kwa George Graham, fundi saa aliyeheshimika kuliko wote mjini. Walianza kwa kuvutana, lakini mazungumzo yaliyoanza saa nne asubuhi yaliisha saa mbili usiku, na Graham akamkopesha fedha bila riba. Miaka mitano baadaye saa ya kwanza ya baharini ilikuwa tayari, kilo 34. Badala ya pendulamu ilikuwa na fito mbili zenye uzito kwenye ncha, zimeunganishwa kwa kamani, yaani springi, zikipiga kwa kupingana ili yumbo la meli likimpa mmoja faida limpe mwenziwe hasara. Mwaka 1736 ilipelekwa Lisbon. Kwenye safari ya kurudi maofisa waliona nchi wakaitambua vibaya. Harrison akasema hapana, ile ni rasi ya Lizard, na meli iko maili 60 magharibi ya mahali mnapodhani. Alikuwa sahihi.

Alipoitwa mwaka 1737 mbele ya Bodi ya Longitudo, iliyosimamia zawadi ile ya Bunge, angeweza kudai safari ya majaribio ya Karibi, na huenda angepata zawadi. Aliorodhesha kasoro za saa yake mwenyewe, akaomba pauni 500 na miaka miwili atengeneze bora zaidi. Wengine husema alikuwa mkaidi. Mimi naona ni uaminifu wa fundi ambaye hakuwa na mwalimu wa kumkagua, hivyo akazoea kujikagua bila huruma.

Tabia hiyo ilimgharimu. Saa ya pili ilipokwisha aligundua kwamba meli ikigeuka, nguvu inayovuta kwenda nje inazivuta zile ncha zenye uzito na kuharibu muda wa pigo. Hakuitoa kwa majaribio ya bahari. Ya tatu, akaweka balansi za mviringo, yaani magurudumu yanayopiga huku na huko badala ya zile fito, kuondoa kasoro hiyo. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili ambavyo bado mnavitumia: utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja unaojikunja kwa joto, ule ule ulio ndani ya pasi ya umeme, na beringi za roli zilizofungwa kwenye kizimba ili zisigusane. Saa ile ina vipande 753, na aliihangaikia miaka 19. Haikufika alipotaka. Balansi kubwa na nzito inayopiga mara moja kwa sekunde hubeba nguvu kidogo mno, na tikiso lolote la chombo linaisumbua.

Katika miaka hiyo 19 nyumba iliishi kwa ruzuku za Bodi za pauni 500 zilizokuja kwa vipindi. William alikulia ndani ya karakana hiyo, akawa mkono wa kulia wa baba yake kabla hajawa mtu mzima.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo wengi hatuliwezi: akiwa na zaidi ya miaka 60, aliacha njia aliyoifuata karibu miaka 30. Aligundua kwamba saa ndogo ya mfukoni, ikiwa na balansi inayopiga haraka na kwa mzunguko mpana, inabeba nguvu ya kutosha kulipuuza yumbo la meli. Mwaka 1759 alimaliza saa ya nne: upana sentimita 13, uzito kilo moja na nusu kasoro kidogo, mapigo matano kwa sekunde. Vipande vinavyogusa meno ni vya almasi. Kamani kuu haisukumi balansi moja kwa moja. Inajaza kamani ndogo kila sekunde saba na nusu, ili nguvu iwe ileile kamani kuu ikiwa imejaa au inakaribia kuisha. Na wakati wa kuitia ufunguo haisimami, kwa kuwa kuna kamani nyingine inayoshika zamu. Kitu kimoja alishindwa kukiepuka: saa ndogo kama ile ilihitaji mafuta.

Safari ya majaribio ilipowadia mzee alikuwa na miaka 68. Akamkabidhi William. Fikirini maana yake: kazi ya miaka 30 na zawadi yote, ndani ya sanduku mikononi mwa mtoto. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, kila funguo kwa mtu wake, na ya William ilikuwa mojawapo, hivyo kila siku ya kutia saa ufunguo, watu wote wanne walilazimika kuwapo. Meli ya Deptford iliondoka Portsmouth tarehe 18 Novemba 1761. Walipokaribia kisiwa cha Madeira, nahodha na William walitofautiana digrii moja na nusu. William akasema wakishika njia hiyohiyo wataiona nchi kesho yake, na wakaiona. Walipofika Jamaica Januari 1762, saa ilikuwa imechelewa sekunde tano tu, baada ya kuhesabu mwendo wake wa kawaida. Wakati wa kurudi bahari ilichafuka vibaya, maji yakaingia hadi chumbani, na William akaifunga saa kwa mablanketi yake hadi mwenyewe akaugua.

Bodi ikasema ni bahati. Hapa naomba tuwe waadilifu, maana hoja moja ya Bodi ilikuwa na uzito: William hakutangaza mwendo wa saa kabla ya safari. Kila saa ina mwendo wake, huharakisha au huchelewa kiasi fulani kwa siku. Usipoutaja kabla, mtu anaweza kusema umeuchagua baadaye ili hesabu ikae sawa. Mafundi, andikeni vipimo kabla ya majaribio. Safari ya pili, Machi 1764, William aliutangaza. Barbados, baada ya siku 47, saa ilikuwa imekosea sekunde 39, chini ya theluthi moja ya kile kilichoruhusiwa.

Bado haikutosha. Sheria mpya ya 1765 ilimtaka afungue saa mbele ya kamati na kueleza kila kipande, na hapo akapewa nusu ya zawadi. Nusu iliyobaki ilisubiri atengeneze nyingine mbili. Mwaka 1766 Nevil Maskelyne, mkuu mpya wa kituo cha Greenwich, aliyekuwa akitetea njia ya kutafuta longitudo kwa kupima mwezi badala ya saa, alikwenda kuchukua saa zake tatu za kwanza za baharini. Ya kwanza ikaangushwa. Na udhaifu wa mzee ulijitokeza pia. Hakujua kuandika kwa kueleweka. Sentensi yake ikianza hujui itaisha lini, na kwenye vikao alikuwa akikasirika na kuondoka. Mtu aliyejifundisha peke yake huzoea kujieleza kwa nafsi yake tu. William ndiye aliyeandika barua, akahudhuria vikao, akawaeleza wakubwa kazi ya baba yake kwa lugha waliyoielewa.

Ni William pia aliyefikisha malalamiko kwa Mfalme George wa Tatu. Mwaka 1772 saa ya tano ilijaribiwa kwenye kituo binafsi cha nyota cha mfalme huko Richmond. Mwanzoni ilikwenda ovyo, hadi ikakumbukwa kwamba kabatini pembeni mlikuwa na sumaku. Zilipoondolewa ikakosea wastani wa theluthi ya sekunde kwa siku katika wiki kumi. Mwaka 1773 Bunge likamlipa pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80. Nakala ya saa ya nne, iliyotengenezwa na Larcum Kendall, ilikuwa tayari baharini na James Cook, aliyezunguka nayo bahari za kusini hadi 1775 na kuisifu.

Amezikwa Hampstead, kwenye kanisa la Mtakatifu John, pamoja na mkewe wa pili na William.

Kuna deni moja lililobaki. Mwaka 1775, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mzee alichapisha kitabu akidai kwamba kwa kanuni zake saa ya pendulamu inaweza kutopotea zaidi ya sekunde moja kwa siku 100. Walimcheka, na lugha ya kitabu chenyewe iliwasaidia kumcheka. Karne mbili baadaye fundi Martin Burgess alianza kujenga saa kwa kanuni hizo, na mwaka 2015 ikajaribiwa Greenwich, ndani ya sanduku lililofungwa kwa lakiri. Katika siku 100 ilipotea sekunde moja kasoro: sehemu tano kati ya nane za sekunde.